Kabla ya kuliongezea gari nguvu, lirudishie zile zilizopotea

Gari langu ni la familia: milango minne, injini ya lita 1.6 yenye silinda 4, halina turbo (pampu ya kusukumia injini hewa zaidi), na nyuma kuna kiti cha mtoto. Nilichotaka ni lipande mlima likiwa limejaa watu bila kuniomba gia ya pili. Kazi hiyo ilinichukua miaka miwili kwa sababu nilianza na mambo ya mwisho. Wewe anza na kupima.

Hisia zinadanganya, hasa eksozi ikiwa na kelele. Tafuta sehemu tambarare, iliyonyooka, isiyo na watu wala magari; uwanja wa mashindano ni bora kuliko barabara. Weka gia ya tatu, kanyaga mafuta hadi mwisho, na mwenzako apime muda wa kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa. Nenda mara tatu, rudi mara tatu, kisha piga wastani, maana upepo na mwinuko usioonekana kwa macho hubadilisha jibu. Injini iwe imeshapata moto, na mafuta kwenye tangi yawe kiwango kilekile kila unapopima. Langu lilitumia sekunde 9.1. Namba hiyo niliiandika kwenye daftari, na kila nilichokifanya baadaye kililinganishwa nayo.

Hatua ya pili ni kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Katiza umeme wa nozeli zinazopuliza petroli na koili zinazowasha plagi, fungua plagi zote, funga geji kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi chini, kisha mwenzako apige starta. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya 150 na 190 psi (kipimo cha shinikizo), lakini kubwa zaidi ni silinda zilingane. Zangu zilisoma 172, 168, 118 na 170. Silinda ya tatu ilikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa nimeshanunua eksozi! Nilimimina kijiko cha oili ndani ya silinda hiyo na kupima tena. Namba ingepanda, ningejua ringi za pistoni zimechoka. Haikupanda, na kweli tulipofungua tulikuta valvu imeungua ukingoni. Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi.

Halafu kuna jambo dogo ambalo karibu nilipite. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe uchungulie kipepeo cha kupitishia hewa. Changu hakikufunguka chote. Waya wa pedali ya mafuta ulikuwa umelegea, na zulia chini ya pedali lilikuwa nene mno. Miaka yote hiyo nilikuwa naendesha injini isiyopumua sawasawa. Nyanyua pia kila gurudumu ulizungushe kwa mkono, maana breki inayoshika kidogo hula nguvu kimyakimya. Jaza tairi upepo unaotakiwa. Baada ya valvu, waya, plagi mpya na filta safi, kipimo kilisema sekunde 7.4. Sikuwa nimeongeza chochote. Nilikuwa nimerudisha tu.

Sasa tuongeze. Nguvu hutokana na uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda, na hewa ya moto ni nyepesi. Filta ya wazi ya umbo la pia, ile inayonguruma vizuri, ikikaa ndani ya boneti inavuta hewa iliyochemshwa na rejeta na manifoldi. Nilipoichomekea kompyuta ya gari mashine ya kusomea, hewa ya kuingia ilikuwa nyuzi 58 za Selsiasi. Nilirudisha boksi la kiwandani na kupeleka bomba lake mbele, nyuma ya grili, mbali na rejeta na juu ya usawa wa maji ya barabarani. Ikashuka hadi 34. Tofauti hiyo peke yake inaifanya hewa iwe nzito kwa karibu asilimia 8. Boksi la kiwandani usilidharau.

Kwenye eksozi sina mengi. Manifoldi inayounganisha mabomba manne kuwa mawili kisha moja husaidia spidi za kati, ambazo ndizo gari la familia hutumia. Bomba pana kupita kiasi halina faida kwa injini ndogo, na mvumo wake kwenye mizunguko 3,000 humuamsha mtoto.

Baada ya hapo ndipo kompyuta ya injini iandikwe upya. Kwa injini isiyo na turbo tarajia asilimia 5 hadi 10; anayekuahidi 30 anazungumzia magari yaliyotoka na turbo kiwandani. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Fundi wa kwanza niliyemwendea alisogeza taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) mbele mno, nami nilikubali kwa sababu gari lilichangamka. Kwenye mlima nikaanza kusikia sauti kama kokoto ndani ya kopo. Huo ni mchanganyiko wa hewa na petroli unaolipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Nilizima, nikafungua plagi, na kwenye kaure nyeupe ya plagi nikaona vidoa vidogo vya fedha. Ni aluminiamu ya pistoni inayoanza kuyeyuka. Ukiviona, usiendeshe hata kilomita moja.

Fundi wa pili alifunga sensa pana, ya kupima oksijeni kwenye moshi, kwenye eksozi na kuangalia uwiano wa hewa na petroli mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini: kati ya 12.5 na 13 kwa 1, si ule wa 14.7 wa mwendo wa kawaida. Alitega taimingi kwa petroli ya oktani (uwezo wa kuhimili kulipuka ovyo) ninayoipata kila siku. Asiyepima hivyo, usimpe gari lako.

Kuhusu turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo, ushauri wangu ni usiifunge. Pistoni, konrodi, nozeli, pampu ya petroli na klachi vyote vitadai kubadilishwa, na hapo ni rahisi kutafuta gari lililotoka nayo.

Na breki zitangulie programu mpya ya kompyuta. Kutoka kilomita 100 hadi 140 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuila inakaribia mara mbili. Weka pedi mpya na ubadilishe maji ya breki: DOT 4 (daraja la maji hayo) mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155. Bima nayo iambiwe.

Mara ya mwisho nilipima sekunde 6.7. Baada ya kilomita 1,000 nilifungua plagi zote nne nikiwa na kioo cha kukuzia. Kaure ilikuwa safi.