Mchicha Unaoweka Ua Ukiwa Mdogo: Punguza Miche Mapema

Kwenye ndoo, viroba na vituta vya uani hapa Dar es Salaam, mchicha unaweka ua ukiwa na urefu wa shibiri moja. Shina jembamba kama njiti, majani madogo, na ncha imeshashika mbegu kabla hujakata mara ya pili. Mkulima analaumu mbegu, anakwenda dukani kununua pakiti nyingine, anaimwaga vilevile, na baada ya wiki tano yuko palepale. Mara nyingi mbegu haina kosa. Kosa ni kuacha kila kilichoota kisimame mpaka mwisho.

Mbegu ya mchicha ina upana wa kama milimita moja, na kizibo kimoja cha soda kinabeba maelfu. Ndoo ya lita 20 ina mdomo wa kama sentimita 30. Humo, mchicha wa kuchuma mara kwa mara unatosha miche mitatu, ukizidi sana minne. Ikibanana arobaini, mizizi inamaliza mbolea na maji yote ndani ya wiki tatu, na kila mche unarefuka kutafuta mwanga badala ya kutanua majani. Mchicha ukibanwa hivyo hauendelei kulea majani. Unakimbilia kuzaa mbegu.

Basi changanya mbegu na mchanga mkavu, kipimo kimoja cha mbegu kwa kumi vya mchanga, kisha nyunyiza kwenye mistari iliyoachana sentimita 20. Fukia kina kisichozidi sentimita moja. Zitaota kati ya siku ya tatu na ya tano.

Kazi yenyewe inaanza hapo. Siku ya 10 hadi 12 tangu kupanda, mche ukiwa na majani mawili au matatu halisi (usihesabu yale mawili ya kwanza yaliyotoka na mbegu), punguza ubakize nafasi ya sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu. Mwagilia kwanza, subiri nusu saa udongo ulainike, halafu ng'oa taratibu huku kidole kimoja kikibana udongo pembeni ya mche unaoubakiza. Usipofanya hivyo unatingisha mizizi ya unaoutaka. Siku ya 18 hadi 21 punguza tena, ubakize sentimita 15. Unaoung'oa safari hii ni mboga kamili, upeleke jikoni.

Ndugu mkulima, huruma ya kuacha miche yote ndiyo inayokunyima mboga. Kupunguza siku ya 30 si kupunguza. Kufika siku hiyo miche iliyobanana imeshaanza kutengeneza ua ndani ya ncha, hata kama hulioni, na ukiipa nafasi baada ya hapo haitarudi nyuma. Kama huwezi kupunguza mara mbili, chagua mchicha wa kung'oa: bakiza sentimita 5 hadi 10, kisha ng'oa wote kati ya siku ya 21 na 30, usibaki hata mmoja.

Jifunze kuliona ua likiwa changa. Panua majani madogo ya juu kabisa kwa vidole viwili. Ncha ya majani ni laini na imekunjamana. Ncha ya ua ina kifundo kigumu, cha kukwaruza kidogo, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, cha kijani au chekundu kufuatana na aina. Angalia pia kwenye kwapa za majani ya chini yake, pale jani linapoungana na shina. Ukikiona na shina bado ni nene, kata siku hiyo hiyo, ushuke chini ya ua kupita sehemu mbili au tatu ambapo jani linatoka kwenye shina. Utapata machipukizi ya pembeni kwa mikato michache. Ukikatia ncha peke yake, ua jingine linatoka ndani ya wiki. Shina likiwa jembamba na majani ya chini ya njano, ng'oa.

Mkato wa kwanza uwe wiki ya nne, mchicha ukiwa na sentimita 20 hivi, ubakize shina la sentimita 8 hadi 10 lenye majani mawili au zaidi. Baada ya hapo kila siku 7 hadi 10. Ukichelewa wiki mbili umeruhusu ua. Kuanzia Mei hadi Agosti mchana unakuwa mfupi kidogo, nao mchicha ni mmea unaosukumwa kuchanua na mchana mfupi, kwa hiyo miezi hiyo usipitishe siku saba.

Baada ya kila mkato, kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya yurea, kisichojaa mlima, kwenye lita 5 za maji kinatosha nusu mita ya mraba. Ndoo moja inapata nusu lita. Mimina kwenye udongo, si kwenye majani, na usichume kabla ya siku saba. Kuzidisha kunaunguza mizizi.

Maji nayo yanahesabika. Januari na Februari ndoo inataka kama lita moja asubuhi na nusu lita jioni. Chomeka kidole sentimita 5. Kikitoka kikavu umeshachelewa. Mchicha ulionyauka mchana kutwa siku mbili unachanua mapema hata ukiwa na nafasi. Wanaotumia kisima cha chumvi waangalie ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zilizoungua: hapo mmea una kiu ingawa udongo umelowa. Mimina maji yasiyo na chumvi mpaka yatoke kwa wingi kwenye matundu ya chini.

Kusongamana huleta na magonjwa. Miche inayokatika usawa wa udongo na kulala ni kinyausi. Madoa ya njano juu ya jani, na chini yake malengelenge meupe, ni kutu nyeupe. Chuma majani hayo, yatupe mbali, na mwagilia udongoni asubuhi ili majani yakauke upesi.

Mchicha uliopata nafasi utauona kwa shina nene na jani pana kama kiganja.

Jambo la mbegu za kujiwekea. Wengi huchuma kwenye mche uliotangulia kuchanua kwa sababu ndio ulioiva kwanza, na kila msimu wanajipandia wenyewe mchicha wenye haraka ya ua. Ng'oa uliotangulia. Funga uzi kwenye miche mitatu au minne iliyochelewa kuliko yote na yenye majani mapana, usiikate, na uchume mbegu hapo tu, mbegu zikianza kudondoka ukipukusa shuke mkononi.