Mshahara mnono, saa nyingi: piga hesabu kabla ya kusaini

Nimefanya kazi ya hesabu za mishahara hapa Arusha miaka mingi. Vijana hunijia na barua ya ajira mkononi: "Mama, hii si hela nzuri?" Huwa nawaambia wanitajie saa kwanza.

Anza na mshahara wa msingi, posho ziache pembeni. Kama kazi ni ya saa 45 kwa wiki, gawanya kwa 195, yaani saa 45 mara wiki 4.333 za mwezi. Anayelipwa 1,200,000 anapata kama shilingi 6,154 kwa saa. Sasa tuseme ofisi ya ukaguzi wa mahesabu inakuahidi 1,800,000, ila kutoka ni saa nne usiku na Jumamosi mnaingia, jumla saa 70 kwa wiki. Hapo hufikishi hata 6,000 kwa saa. Ule mshahara wa kutambia ndio mdogo, na bado hujalipa bodaboda ya kukufikisha Ngaramtoni usiku huo.

Hesabu saa unazokaa kweli, si zile za kwenye mkataba. Weka daftari kwa wiki nne. Mpwa wangu aliandika hivi: "Jumanne, kuingia 1:40 asubuhi, kutoka 4:15 usiku. Nimekula mezani, dakika kumi. Simu ya bosi 5:30." Na hiyo simu ihesabu, ni kazi.

Halafu linganisha na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Siku moja isivuke saa 12. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza isiyopungua asilimia 5, na sikukuu ni mara mbili. Yule wa saa 70 anazidi zile 45 kwa saa 25 kila wiki, yaani ziada ya saa 100 kwa wiki nne, maradufu ya kikomo! Lakini meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo kwenye kinga hiyo ya saa, kwa hiyo kabla hujafurahia cheo, uliza unaripoti kwa nani.

Je, kukaa sana kazini kunatosha kudai malipo makubwa? Mimi nasema hapana. Saa nyingi zinastahili kulipwa zote, hilo halina mjadala, ila kiwango cha juu kwa kila saa kinahitaji sababu nyingine. Mtazame mpagazi wa njia ya Machame, Mlima Kilimanjaro: anabeba kilo 20 hadi kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, anawatangulia wageni ili wakute hema limesimama. Kama jasho na saa ndivyo vingepanga mishahara, angetuzidi sote wa maofisini, na inaniuma kwamba hata haki yake ndogo huwa anaigombania. Daktari wa zamu amesoma miaka mitano, akaongeza mwaka wa mafunzo kazini, na saa nane usiku uamuzi wake mmoja ni uhai wa mtu. Hapo kiwango kikubwa naunga mkono.

Kwa hiyo ukienda kuomba nyongeza, usiseme unachelewa kutoka. Eleza kosa lako lingemgharimu nani, ujuzi wako ulichukua miaka mingapi kuupata, na ukiugua kesho nani atashika kazi yako. Kisha mwonyeshe bosi daftari.

Akikataa kulipa ovataimu, usingoje mwaka uishe. Madai ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, hati za mishahara na lile daftari, na uache nakala nyumbani.