Jinsi ya kuendesha shamba darasa ambalo majirani watalifanya lao

Kabla hujanunua mbegu wala kuchora ramani ya shamba darasa, yaani shamba ambalo wakulima hujifunza kwa kujaribu pamoja, zunguka kwa majirani uwaulize ni jambo gani la shambani linawanyima usingizi. Hapa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jibu nililopewa tena na tena halikuhusu kihamba, lile shamba la nyumbani lenye migomba na mikahawa. Lilihusu shamba la tambarare, kule chini kwenye mahindi na maharage. Masika ikikolea maji yanaondoka na udongo, halafu jua la wiki mbili tu linatosha kukunja majani ya mahindi. Basi somo la shamba letu likawa hilo, na nusu eka ya darasa ikatengwa huko huko tambarare, kando ya njia wanayopita wote.

Nakuomba ulizingatie hili kwa sababu watu wa miteremko hii si wageni wa kilimo cha kurudishia udongo uhai. Mgomba unafunika mkahawa, mringaringa unafunika mgomba, magimbi yako chini, ng'ombe yuko bandani na samadi yake inarudi shinani. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Mtu aliyekulia humo haji darasani kuambiwa kwamba samadi ni nzuri. Kazi yako ni kumsaidia kuona ni kitu gani cha kihambani hakijawahi kushuka tambarare.

Kwa somo la kwanza tumia bonge la udongo. Kila mtu alete mawili, yenye ukubwa wa limau dogo: moja la chini ya migomba, jingine la tambarare. Yaanikeni pamoja hadi yakauke kabisa, maana bonge bichi litawadanganya. Weka kila bonge kwenye kichujio cha chai, uzamishe polepole ndani ya glasi ya maji, kisha nyamaza. La tambarare litaanza kutoa mapovu, litameguka, na baada ya dakika chache maji yatakuwa kama uji wa ulezi. La kihambani kwa kawaida linabaki limeshikamana. Kwetu mama mmoja alilitoa lake, akalifungua kwa kidole, akatuonyesha mizizi myembamba na mabaki ya majani yaliyolishikilia ndani. Kisha akauliza kule tambarare huwa tunapeleka nini zaidi ya jembe.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza, na usiyakatize. Wengi wetu hatupeleki kitu huko chini, na zaidi ya hapo tunachukua. Mahindi yakivunwa, mabua yanakatwa, yanafungwa mizigo na kupandishwa juu kwa ng'ombe wa bandani. Rutuba ya tambarare inaishia kihambani. Ukimwambia mama ayaache mabua yote yawe matandazo, unamwambia alale na ng'ombe mwenye njaa. Mtaalamu asiyeliona hilo ataitikiwa kwa heshima, kisha mabua yatabebwa kama kawaida.

Kwa hiyo kikundi chenyewe kiamue cha kujaribu. Watu 20 hadi 30 wanatosha. Wakizidi hapo, wa nyuma hawaoni kitu. Sisi tuligawa shamba vipande vitatu: kimoja kinalimwa kama tulivyozoea, cha pili kinabakiziwa nusu ya mabua, cha tatu mahindi yanachanganywa na ngwara, jamii ya maharage inayotambaa, ambayo inafunika ardhi, inaongeza naitrojeni na majani yake ng'ombe anayapenda. Mbegu ya mahindi iwe moja na siku ya kupanda iwe moja, la sivyo mtabishana hadi mavuno. Pimeni debe za mahindi, lakini andikeni pia muda wa palizi na mizigo ya majani iliyopatikana. Kwa mama anayebeba majani kichwani, hesabu ya mizigo ina uzito sawa na ya debe.

Makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji yasiondoke na udongo, yachimbwe kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na upimaji uwe wa vijana wa shule. Fungeni miti miwili ya mita mbili kwa juu, miguu iachane kama mita moja na nusu, katikati pafungwe ufito wa kulala. Uzi wenye jiwe uning'inie kutoka juu. Wekeni alama uzi unapokata ufito, badilisheni miguu mahali, wekeni alama tena. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Tembezeni kipimo kukatisha mteremko, na kila mguu unapotua uzi ukiwa kwenye usawa, pigeni kigingi. Kwa makinga maji ya aina ya fanya juu, udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na juu ya tuta mnapanda majani ya mabingobingo au guatemala. Tuta linashikwa, ng'ombe anapata chakula, na mabua sasa yanaweza kubaki shambani bila ugomvi.

Saa za darasa zifuate maisha ya watu. Asubuhi kina mama wako kwenye majani, siku ya soko usijaribu, na ukitokea msiba kitongojini darasa linaahirishwa bila mjadala. Kwetu saa tisa alasiri ndiyo inayofaa. Mwenyekiti wa kitongoji na afisa ugani wajue mapema.

Posho usitoe. Pikeni makande mle pamoja, na mbegu ya ngwara itolewe kwa mkopo kwa mtindo wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: kilo moja leo, mbili baada ya mavuno, zipelekwe kwa jirani anayefuata.

Mkitembeleana vihambani, mapanga yabaki nyumbani na viatu vifutwe matope. Mnyauko wa migomba husafiri kwa udongo, vifaa na machipukizi, na darasa lisiwe njia yake.

Mwisho, pangeni siku ya shamba wiki ya Krismasi. Anayelima mara nyingi siye mwenye kauli ya mwisho juu ya ardhi. Mwenye kauli yuko Dar au Arusha, na Desemba ndiyo anakuja nyumbani. Kila mwanakikundi amlete ndugu yake huyo, amwonyeshe mwenyewe vipande vitatu na daftari la mizigo. Ruhusa ya kuchimba makinga maji katika shamba la familia ipatikane kabla mabasi hayajaanza kurudi, ili Februari, wakati wa kuandaa masika, vigingi viwe vimeshapigwa.