Kupima hisia za watu kuhusu umbo la birika kwa miwani ya uhalisia pepe

Anayevaa miwani ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza hufurahia karibu kila anachokiona. Furaha hiyo ni ya miwani, si ya birika lako, na ikishaingia kwenye matokeo ni vigumu kuitoa. Mpangilio wote wa jaribio unalenga kutenganisha hayo mawili.

Tuseme una maumbo manne ya birika la umeme. Kwenye Unity, programu ya kutengenezea mandhari ya uhalisia pepe, yuniti 1 ni mita 1, hivyo birika la sentimita 25 liwe 0.25. Modeli iliyochorwa kwa milimita ikiingia bila kugeuzwa, birika hilo linapata urefu wa mita 250. Meza, mwanga na rangi viwe vilevile kwa yote manne. Picha zisishuke chini ya 72 kwa sekunde. Zikikwamakwama mtu huhisi kichefuchefu, na lawama ataibebesha birika.

Rekebisha lenzi zilingane na mboni za mshiriki, kisha mwache dakika 5 kwenye chumba kisicho na birika, ashikeshike vitu azoee. Bandika elektrodi mbili, za kupima jinsi ngozi yenye jasho inavyopitisha umeme, kwenye kidole cha shahada na cha kati, mkono usioshika rimoti. Atulie dakika 2 upate kiwango cha mwanzo cha jasho. Feni isimpulizie.

Kila birika lionekane sekunde 30, likifuatiwa na ukuta wa kijivu sekunde 30. Gawa washiriki sawasawa katika mifuatano minne: ABDC, BCAD, CDBA, DACB. Hapo kila birika linafuata kila jingine mara moja. Washiriki 24 wanagawanyika vizuri.

Jasho huitikia sekunde 1 hadi 3 baada ya kitu kutokea. Mpando ulio chini ya maikrosimensi 0.05 (kipimo cha ngozi kupitisha umeme) uache. Lakini jasho linaonyesha msisimko tu, halisemi kama mtu amependa au amechukizwa. Ndiyo maana lazima kuwe na vikaragosi vya SAM (Self-Assessment Manikin), picha ambazo mtu huchagua kuonyesha anavyojisikia, vya Bradley na Lang (1994), vyenye ngazi 9 za kupendezwa, msisimko na kujimudu. Viweke ndani ya miwani, mwisho wa zile sekunde 30, kabla ya ukuta wa kijivu. Ukimvua mtu miwani ili ajaze karatasi, hisia imeshapoa.

Mpini ni suala jingine, kwa sababu rimoti haina uzito wa maji. Chapisha birika kwa printa ya 3D, lijaze mchanga hadi kilo 2.5 au 3, umpe mkononi.