Somo: Kabla hujampa ajenti wa Uarabuni pesa wala pasipoti yako

Wiki hii nimepigiwa simu na wasichana watatu, wote wa hapa pwani, na wote swali lao moja: "Dada, huyu ajenti ni wa kweli?" Mmoja alikuwa tayari ameketi ofisini kwake, ananong'ona. Nimeona niandike yote mahali pamoja, myasome kwa utulivu nyumbani kabla ya kupanda matatu kwenda mjini.

Mimi si wakili. Nilifanya kazi Doha kuanzia 2018 hadi 2022. Niliambiwa naenda kusafisha vyumba vya hoteli, nikajikuta ndani ya nyumba ya watu na watoto watano. Ninayoyaeleza mengine yalinipata mwenyewe, mengine nimeyajua kwa kuwasindikiza wenzangu kwenye ofisi hizi tangu niliporudi. Sisemi maajenti wote ni wezi. Wako waliowapeleka jamaa zangu wakafika salama na mishahara wakalipwa. Kazi ni kumtambua yupi ni yupi mapema, ukiwa bado unaweza kuinuka ukaondoka.

Hatua ya kwanza: jua nani anamlipa ajenti

Hapa nitakaa kidogo, maana ukishalijua hili, mengi yanayofuata utayaona mwenyewe.

Kwa kazi za nyumbani safari huanza hivi. Familia ya Riyadh au Doha inataka mfanyakazi, inailipa ofisi ya kule. Ofisi ya kule inamlipa ajenti wa Nairobi au Mombasa. Ajenti naye humpa chochote yule broka wa mtaani aliyekuja kukuita kwenu. Pesa inashuka kutoka kwa mwajiri, na ndani yake mna viza, tiketi na faida ya ajenti. Ukiona pesa inatakiwa ipande kutoka kwako, basi kuna mtu anataka kulipwa mara mbili kwa kichwa kimoja.

Hili si wazo langu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1997, ibara ya 7, unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, yote wala sehemu yake. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021 nayo inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kuzungukia.

Vya kulipia mwenyewe ni vile vinavyobaki kuwa vyako hata usiposafiri: pasipoti na cheti cha mwenendo mwema. Vyote unaviomba mwenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na pesa inaingia serikalini. Ajenti akisema "nipe nikufanyie", mwambie utajifanyia.

Sasa muulize waziwazi: "Mwajiri anakulipa nini kwa ajili yangu, na mimi natakiwa nilipe nini? Niandikie." Ajenti wa kweli atajibu, hata kama hatataja kiasi. Mwingine ataanza kukuhesabia wasichana waliojaa nje wanaosubiri nafasi yako.

Mimi sikuuliza. Nilitoa shilingi 80,000 za "kufungua faili", na pesa hiyo ilitokana na bangili mbili za dhahabu za mama yangu tulizoweka rehani. Risiti niliyopewa haikuwa na jina la kampuni wala muhuri.

Ajenti akisema hakuna kulipa sasa, utakatwa mshahara wa miezi miwili au mitatu ukifika, hilo ni deni. Ukifika kule unadaiwa, huwezi kusema kazi imekushinda.

Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Kwa Saudia, miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio, na ofisi iliyokuleta humdhamini mfanyakazi kwa mwajiri. Ukirudi ndani ya muda huo, ofisi ndiyo inayopata hasara. Ndiyo maana ukipiga simu mwezi wa pili unalia, unaambiwa "vumilia, mwanangu, utazoea", na mwezi wa tano simu haishikwi kabisa. Ukijua hivyo, utajua pia kwamba shida yoyote nzito ni ya kusemwa mapema, kwa maandishi, huku bado kuna mtu anayeona hasara.

Hatua ya pili: mtafute kwenye orodha

Kenya, mawakala wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Orodha yao iko kwenye tovuti. Usitosheke kuliona jina. Tazama tarehe ya leseni kuisha, halafu upige namba ya simu iliyo kwenye orodha hiyo, si iliyo kwenye kadi uliyopewa mkononi. Uliza: "Fulani ni mfanyakazi wenu? Ofisi yenu ya Mombasa iko wapi?" Leseni za kuazima ziko nyingi. Kampuni ni ya kweli, ila yule aliye mbele yako hawamjui.

Tanzania Bara uliza TaESA, wanaoshughulikia huduma za ajira. Zanzibar ni Kamisheni ya Kazi.

Broka wa mtaani, hata akiwa shangazi yako, hana leseni. Msikilize, mshukuru, kisha nenda ofisini mwenyewe na mtu mzima wa kwenu.

Hatua ya tatu: pasipoti

Toa kopi. Pasipoti yenyewe ikihitajika kwa ajili ya viza, waandike karatasi yenye tarehe, jina la aliyeipokea na siku ya kuirudisha, na muhuri juu yake. Ajenti anayekataa kutia sahihi kwamba ameishika pasipoti yako usimwachie hata dakika moja.

Hatua ya nne: mkataba

Mkataba utakuja kwa Kiarabu na Kiingereza. Uombe siku mbili kabla ya kusaini, uende nao nyumbani. Tafuta mtu akusomee, mwalimu wa madrasa au jirani aliyewahi kukaa kule, mstari kwa mstari. Mimi nilisaini wangu uwanja wa ndege saa nne usiku, juu ya sanduku langu, huku nikiambiwa ndege inaondoka.

Utafute haya humo: jina la mwajiri, mji, kazi yenyewe, mshahara kwa pesa ya nchi ile, siku ya mapumziko, na nani atalipa tiketi ya kurudi. Kisha linganisha na sheria ya kule. Qatar, tangu Machi 2021, hakuna mshahara chini ya riyali 1,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Mwajiri asipokupa malazi anaongeza 500, asipokulisha anaongeza 300. Ajenti akikuletea mkataba wa Doha wa riyali 800, huna haja ya kuuliza zaidi. Vilevile Qatar ina sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2017: kazi isizidi saa 10 kwa siku, na siku moja ya kupumzika kila wiki. Sheria hiyo ilikuwapo tayari siku niliyotua. Nilifanya kazi miezi saba bila hata Ijumaa moja ya kupumzika, kwa kuwa aliyenipeleka hakunitajia na mimi sikujua pa kuuliza. Hadi leo linanikereketa.

Tazama viza pia. Mkataba ukisema hoteli na viza ikisema mfanyakazi wa nyumbani, viza ndiyo itakayofuatwa. Kwa Saudia, mkataba wa kazi za nyumbani lazima uwe umesajiliwa kwenye mfumo wao wa Musaned. Mwambie ajenti akuonyeshe.

Halafu kuna hatua ambayo maajenti wengi huiruka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje utiwe sahihi na kuthibitishwa na afisa wa kazi. Afisa huyo anatakiwa kuridhika kwamba umekubali kwa hiari yako na hukulazimishwa. Kifungu cha 86 kinafanya kosa kumshawishi mtu asafiri kwa mkataba usiopitia huko. Ofisi ya afisa wa kazi ndiyo tunayoiita leba. Kwa hiyo swali lako ni fupi: "Tunaenda leba lini?" Ukiambiwa leba ni kupoteza wakati, umejibiwa.

Ukishasaini, piga picha kila ukurasa, uwatumie watu watatu walio nyumbani. Ukifika kule ukaletewa mkataba mwingine wenye mshahara mdogo, utakuwa na cha kuonyesha.

Hatua ya tano: kabla ya kuruka

Mwachie mtu wa nyumbani jina la ofisi ya kule, jina la mwajiri na namba ya ubalozi wetu. Namba hizo uziandike pia kwenye kitambaa au daftari dogo, kwani simu hunyang'anywa. Na mkubaliane neno moja ambalo ukilitamka, hata mwajiri akiwa amesimama hapo, watu wako watajua una shida.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kisauni: Asalaam aleikum dada. Mimi nimeshatuma 60,000 kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi. Kila nikipiga ananiambia nisubiri. Nimechelewa?

Waaleikum salaam kaka. Hujachelewa, ila usitume hata shilingi nyingine, wala ile "ya mwisho ya stempu". Toa taarifa ya M-Pesa inayoonyesha tarehe na jina, chapisha meseji zenu zote. Mwandikie barua ya kudai pesa yako na umpe siku 7. Zikipita, peleka malalamiko NEA na ukaandikishe ripoti polisi. Usimpakie picha mitandaoni kwanza, akikuona hivyo atabadilisha laini na utamtafuta wapi?

Dada wa Malindi: Ajenti anataka nipime medikali wiki hii ingawa mwajiri hajapatikana. Anasema ni utaratibu.

Subiri, mdogo wangu. Vipimo vya nchi za Ghuba hufanywa kwenye vituo vilivyoidhinishwa kupitia mfumo wa Wafid, uliokuwa ukiitwa GAMCA, na cheti chake hudumu miezi michache tu. Ukipima sasa na mwajiri akapatikana baadaye, utapima tena na kulipa tena. Mkataba kwanza, medikali baadaye.

Kaka wa Tanga: Kuna mtu anasema dada yangu apitie Nairobi, akapande ndege huko, ili kukwepa kibali cha Dodoma. Je, kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Akipita kichochoro hicho, Tanzania haina karatasi inayosema ameenda wapi kwa nani, na kwa Kenya yeye si raia. Shida ikimpata, ubalozi utaanza kumtafuta bila jina la mwajiri. Mtu anayekwambia ukwepe kibali anajua kwa nini mkataba wake hauwezi kuonekana na afisa. Mwambie dada aanzie TaESA.

Mama wa Likoni: Binti yangu yuko Saudia mwezi wa nne. Ana wiki tatu hajapiga, na ajenti anasema yeye kamaliza kazi yake.

Pole sana mama, shikamoo. Hajamaliza. Nenda kwake na mtu wa pili, umtake akuandikie jina la ofisi ya Saudia, jina la mwajiri na mji. Siku hiyohiyo nenda NEA na kopi ya pasipoti ya binti na mkataba, na uandike kwa ubalozi wetu wa Riyadh ukiambatisha hizo karatasi. Kama huna kopi, ajenti anazo kwenye faili, na mbele ya afisa atazitoa. Nitakupigia jioni, nikusindikize Jumatatu.

Mwanachama wa Mtwapa: Rafiki yangu aliingia Dubai kwa viza ya matembezi na sasa ana kazi ya ulinzi. Ajenti wangu anataka nifanye vivyo hivyo.

Rafiki yako alibahatika. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa huko, na anayekutumikisha hivyo anaweza kukunyima mshahara akijua huwezi kwenda kushtaki. Mwajiri anayekutaka kweli atakutolea barua ya kazi kupitia wizara yao na viza ya ajira ukiwa bado Mtwapa.

Dada wa Kilifi: Kuna ajenti amenijibu yote hayo vizuri, leseni anayo, leba tumeenda, pesa hajaniomba. Bado naogopa.

Hofu ni haki yako. Ukitaka, muombe namba za wasichana wawili aliowapeleka mwaka jana, uzungumze nao bila yeye kuwapo. Aliyenipeleka mimi hangeweza kunipa hata mmoja. Wakikwambia vizuri, funga sanduku, nenda kwa Mungu.

Mwanachama wa Kisauni: Samahani dada, swali la mwisho. Wewe ulirudishiwa zile 80,000?

Hapana. Nilipoanza kudai, ofisi ilikuwa imeshahama. Bangili za mama nilikuja kuzikomboa kwa likizo 2021, baada ya kubadilisha mwajiri na kuanza kulipwa sawasawa. Nilikuta imebaki moja. Ya pili ilikuwa imeshauzwa.