Chokaa na mbolea visitiwe siku moja

Kila msimu namkuta mkulima amemwaga chokaa na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwenye beseni moja, anachanganya "amalize kazi mara moja". Harufu inapanda, macho yanawasha, naye anafurahi eti mbolea ina nguvu. Nguvu gani? Hiyo ni amonia, na ndani yake imo nitrojeni uliyoilipia.

Mbolea ikiyeyuka majini, hilo ni badiliko la kifizikia: kausha maji na chumvi ileile itabaki chini ya chombo. Chokaa ikikutana na amoniamu iliyo ndani ya mbolea penye unyevu, huo ni mmenyuko wa kikemia: vya mwanzo vinatoweka, vinazaliwa vingine. Amoniamu ni sehemu ya chumvi, hutulia kwenye udongo. Chokaa huipokonya chembe moja ya haidrojeni, ikabaki amonia, na amonia ni gesi. Ikishapaa, hairudi.

Mfuko wa kilo 50 wa SA una takribani kilo 10 za nitrojeni; wa DAP (mbolea ya fosfati yenye amoniamu), kilo 9. Kwa DAP unaumia mara mbili, kwa sababu fosforasi nayo hushikwa na kalisi ya chokaa ikawa kampaundi isiyoyeyuka kwa urahisi.

Urea ndiyo inayowadanganya wengi. Ina kilo 23 za nitrojeni kwa mfuko, na ukiichanganya na chokaa kavu hunusi kitu, kwa kuwa bado haina amoniamu. Kwenye udongo wenye unyevu, kimeng'enya (kichocheo) cha vijidudu huigeuza kuwa amoniamu ndani ya siku chache. Chokaa iko palepale inaisubiri, na wewe umeshakwenda nyumbani.

Kwa hiyo chokaa itangulie wiki 4 kabla ya kupanda, zisipungue 3, ichanganywe na udongo kina cha sentimita 15 hadi 20. Hesabu siku ambazo udongo una unyevu, si siku za kalenda! Chokaa iliyolala kwenye vumbi haijaanza kazi. Urea ya kukuzia iwekwe sentimita 5 kwenda chini, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, ifukiwe papo hapo. Nimesema papo hapo. "Nitafukia jioni" sitaki kuisikia.

Ukifanya hivyo hutanusa kitu, na majani yatakuwa ya kijani.

Samadi mbichi nayo ina amoniamu, kwa hiyo usiirundike pamoja na chokaa.