Kutoka Lumumba hadi Mlimani: namna ya kuandika miaka ya mwanzo ya chuo kikuu

Waandishi wengi wa vitabu vya jubilei huanza na maneno "Chuo kilianzishwa mwaka...", na kosa la kwanza huwa limeshaingia hapo. Chuo kina siku ya kuundwa kisheria, siku ya kufungua mlango, siku ya kupata hadhi mpya na siku ya kuhama, na mara chache siku hizo huangukia mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafaa sana kujifunzia kazi hii: ndani ya miaka tisa kilipitia hadhi tatu, na katikati yake kikahama kutoka katikati ya mji kwenda mlimani.

Kabla ya kuandika aya yoyote, tengeneza daftari la tarehe lenye safu nne: tarehe, tukio, jina kamili la chuo na la nchi siku hiyo, na nyaraka inayothibitisha. Kwa Dar es Salaam, mistari ya kwanza itakuwa hivi. Tarehe 25 Oktoba 1961 kilifunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, chini ya Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja cha Sheria na wanafunzi 14, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Juni 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970, kwa Sheria Na. 12 ya mwaka huo, kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea.

Utakutana pia na 1 Julai 1961 ikitajwa kuwa siku ya kuanza. Usichague tarehe kwa kuhesabu ni maandishi mangapi yameirudia. Maandishi hayo hunakiliana. Uliza kila tarehe inapima nini: kuanza kisheria, au kufunguliwa. Ziingize zote mbili kwenye daftari, kila moja na maelezo yake.

Safu ya jina ndiyo itakayokuokoa zaidi. Oktoba 1961 Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru; zilibaki siku 45. Kwa hiyo "chuo cha kwanza cha Tanzania huru" ni maneno yasiyosimama. Mwaka 1964 ndio mgumu kuliko yote: kabla ya 26 Aprili nchi ni Tanganyika, baada yake ni Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina Tanzania lilianza Oktoba. Ukiandika kwamba chuo kilihama mwaka 1964, tafuta mwezi, kisha ndipo utaje nchi.

Vyeo navyo vina mtego wake, hasa kwa anayetafsiri nyaraka za Kiingereza. Leo pale Mlimani "Mkuu wa Chuo" (Chancellor) ni cheo cha heshima, na mtendaji ni Makamu Mkuu wa Chuo (Vice-Chancellor). Lakini chuo kishiriki kiliongozwa na mtendaji (Principal) ambaye wengi pia humwita mkuu wa chuo: Cranford Pratt kutoka Kanada, kisha Wilbert Chagula. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chote, na mwaka 1970 akawa Mkuu wa chuo kipya cha Dar es Salaam, Pius Msekwa akiwa Makamu wa kwanza. Msomaji asiyeelezwa hilo ataona watu wawili kwenye kiti kimoja. Mara ya kwanza unapotaja cheo, eleza kazi yake kwa maneno machache.

Sasa uhamaji wenyewe. Usiuandike kama siku moja ya kubeba meza. Ugawe katika mambo manne na utafute tarehe ya kila moja: ardhi ilitolewa lini, jengo la kwanza lilianza kujengwa lini, darasa la kwanza lilifanyika lini mahali papya, na mafundisho ya mwisho mahali pa zamani yalikuwa lini. Kati ya jambo la kwanza na la mwisho hupita miaka, na ndani ya miaka hiyo ndimo historia yenyewe ilimo: nani alilipa, nani alikuwa akitumia ardhi ile, wanafunzi walilala wapi.

Vipimo vya nyaraka za zamani ni ekari, maili na pauni. Eneo la Mlimani hutajwa kuwa ekari 1,625, umbali wa kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji. Zidisha ekari kwa 0.4047 upate hekta 658, na uache kipimo cha asili kando yake. Kwa fedha, shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa pauni moja. Shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966, na pauni iliposhushwa thamani Novemba 1967 hesabu hiyo haikufaa tena. Gharama ya jengo la 1964 usiigeuze kuwa shilingi za leo. Taja kiasi kama kilivyoandikwa.

Ukuaji uonyeshe kwa vitivo. Sheria ilitangulia kwa kuwa haikuwa ikifundishwa Makerere wala Nairobi. Ikafuata Sanaa na Sayansi za Jamii 1964, Sayansi 1965, Tiba 1968, Kilimo 1969 huko Morogoro. Angalia hapo: Tiba ilikuwa Muhimbili, Kilimo kilikuwa Morogoro. Anayesema chuo chote kilikuwa Mlimani amekosea, na hataweza kueleza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine cha 1984 wala chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili cha leo vilichipuka wapi.

Kwa vyanzo vya maandishi, anza na East Africana, mkusanyiko wa maandishi kuhusu Afrika Mashariki katika maktaba ya Mlimani, kisha Nyaraka za Taifa, Upanga, na magazeti ya wakati ule kama Tanganyika Standard na Uhuru. Soma magazeti ya wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kila tarehe. Oktoba 1966 usiiruke: tarehe 22 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakafukuzwa. Kitabu cha sherehe kikilificha hilo, msomaji aliyekuwepo hataamini kurasa zingine.

Wazee wahojiwe kwanza, kabla hata ya kumaliza maktaba. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1961 alizaliwa 1940 au 1941; umri wake hauruhusu kungoja. Usimuulize tarehe, kumbukumbu za tarehe huchanganyika. Mpe karatasi achore jengo la Lumumba: mlango, darasa, vitabu vilipokaa, alipokula mchana. Mitaa iulize kwa jina la zamani pia, maana Lumumba wengine wataiita New Street. Weka vinasa sauti viwili, usizidishe saa moja kwa kikao, na picha zake zipige skani pande zote mbili, kwa kuwa mwaka na majina mara nyingi yako mgongoni, kwa penseli.